Shimo Lisilojaa

Jumapili, 6 Aprili

Binti yangu ameninunulia daftari. Anasema, baba, siku hizi huongei na mtu, basi andika. Nimwandikie nani? Mimi fundi viatu. Niliishia darasa la saba na mwandiko wangu ni wa kuku. Lakini daftari lipo, kalamu ipo. Haya.

Mvua siku ya sita leo. Baraza ninaposhonea limelowa, nimehamia ndani karibu na dirisha. Kazi si haba — matope hubandua soli kuliko jua.

Wiki ya kumi na mbili tangu mwenzangu atutoke. Watu wanasema "marehemu". Kwangu bado ni mke, bado ni mwenzangu.

Ufunguo wa pampu sasa ninao mimi. Kisima cha mtaa kiko nyuma ya ukuta wetu: mfuniko wa zege, pampu ya mkono, kufuli. Kamati ilimkabidhi mwenzangu ufunguo ule miaka kumi na tisa iliyopita, akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu niliyompa. Ya kahawia. Fundo ni lake. Sijalifungua.

Alikuwa mkali pale! Zege halikanyagwi na viatu. Ndoo haioshewi pale. Nguo ndiyo kabisa. Siku moja mama yake mzazi alinawa miguu chini ya pampu, akamwambia, mama, shuka. Mama mkwe alinuna wiki mbili. Watoto wa mtaa walimwita Polisi wa Maji. Alijua, na kimoyomoyo alifurahi.

Jioni nilifungua pampu kama kawaida. Bata wa jirani walikuwa kwenye dimbwi kando ya zege, vichwa ndani, mikia juu. Nikawafukuza kwa ndala. Mwenye bata alicheka, akasema, fundi, umerithi cheo. Mtaa mzima unamwita Baba Bata. Hana mtoto, ana bata thelathini na kitu, na kila mmoja anamtambua kwa mwendo.

Jumanne, 8 Aprili

Mjukuu wangu anaharisha tangu jana. Ana miaka minne, hana hata nyama za kupunguza. Mama yake, binti yangu, kampeleka zahanati. Anasema kwenye foleni amewahesabu watoto tisa wa mtaa wetu. Muuguzi aliuliza kila mama swali moja: mnakunywa maji ya wapi?

Wamempa dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Nimemnywesha kijiko kimoja kimoja mchana kutwa. Mara ya mwisho akasukuma mkono wangu, akasema, "Babu, kijiko kimechoka." Tukacheka, halafu nikageuka dirishani nijifute uso.

Angalau choo chetu hakitusumbui. Kwa majirani vyoo vinafurika na mvua hii, sisi tangu shemeji alipotutengenezea wakati wa msiba, hata dalili ya kujaa hakuna. Mungu ambariki.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekuja bibi afya. Msichana wa rika la binti yangu, mfupi, amebeba sanduku la barafu begani. Alipofika kwenye zege alivua buti bila kuambiwa na mtu. Mwenzangu angempenda hapohapo.

Aliuchoma mdomo wa pampu kwa moto kidogo ili uchafu wa nje usimdanganye, kisha akakinga maji kwenye chupa ndogo. Akasema mpaka majibu yatoke watu wachemshe maji yote, hata ya kusukutua. Mama mmoja akamwambia, mwanangu, mkaa wenyewe umelowa, tuchemshe kwa pumzi? Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akaandika kitu. Nilimpenda zaidi.

Buti yake ya kushoto ina ufa kisigino. Macho ya fundi hayana adabu. Nikamwambia ailete.

Jumamosi, 12 Aprili

Majibu yametoka. Yametangazwa palepale kwenye pampu, watu wamejaa mpaka barabarani. Maji yetu yana uchafu wa choo. Si kidogo.

Halafu, kama watu walioambiwa "geuka", wote wakageukia dimbwi. Bata walikuwa wamepanga mstari, wanajichokonoa mabawa.

Basi ikawa mvua ya maneno. Kwamba wanakula jalalani. Kwamba tulisema tangu mwaka juzi. Mwenye duka la sabuni akasema hata mayai yale yana harufu — na yeye huyanunua kila wiki! Baba Bata alisimama na fimbo yake nyembamba, anatazama mdomo wa kila anayesema. Mwishowe akasema, "Bata wangu wanajisaidia hadharani, kila mtu anaona. Nyinyi wenzangu je?"

Walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kumsaidia. Bibi afya alijaribu kusema kwamba bata wanaweza kuchafua juu, na zege halina ufa, hivyo yeye angependa kwanza kuangalia mashimo ya vyoo. Nani alisikia? Mwenyekiti wa kamati akakata shauri: bata waondoke mtaani kufikia Jumamosi ijayo.

Mimi nilikuwepo. Nilishika ufunguo na kunyamaza. Niliona kama shauri ni la haki.

Jumatatu, 14 Aprili

Jana bibi afya alitia klorini kisimani, akafunga pampu siku nzima. Leo tumesukuma maji na kuyamwaga mpaka harufu ikapungua. Amepima kwa kidude chake, akasema kwa leo ni salama. Mjukuu amekula, amekimbia uani, ameanguka, amelia kwa nguvu. Kilio kizuri! Cha mtoto mwenye maji mwilini.

Nilifungua pampu jioni. Foleni ndefu. Baba Bata alikuja na ndoo yake, watu wakamwachia nafasi kubwa kuliko inavyohitajika. Mimi nilimsukumia maji.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika usiku, wote wamelala.

Bibi afya amepima tena. Maji yamechafuka upya. Siku mbili tu! Amefunga pampu kwa mnyororo.

Baadaye alikuja kwangu na ile buti. Alikaa kwenye kiti cha mwenzangu — hakujua, nami sikumwambia, nilipenda kuona kimekaliwa. Huku nashona, akawa anaeleza kama mtu anayejisemea. Dawa inaua kilichopo, haizuii kinachokuja. Kikirudi baada ya siku mbili, maana yake kuna mahali kinatiririka kila siku, chini kwa chini. Wakati wa kiangazi maji ya ardhini yako mbali, uchafu unakaa pale ulipo. Mvua ikinyesha yanapanda, yanaukuta, yanauchukua. Ndiyo maana watu wameugua mwezi huu, si mwezi uliopita.

Akauliza mashimo ya vyoo ya jirani zangu yana hali gani. Nikamwambia, yote yanafurika, watu wanalia. "Na lenu?" Nikasema, nikiwa na majivuno kabisa, letu halijai. Watu zaidi ya mia mbili walikuja msibani na halikujaa.

Aliacha kuchezea kamba za buti ya pili.

"Baba, shimo linalojaa ni kero tu," akasema. "Lisilojaa ndilo la kuogopa. Maana linapeleka mahali."

Sindano iliniingia kidoleni. Akauliza, ni shimo la namna gani? Nikasema, la kawaida tu.

Nimesema uongo. Mimi, mbele ya kiti kile na ya mtoto wa watu aliyevua buti bila kuambiwa.

Niandike ukweli hapa basi. Mwaka tuliooana, mimi na mwenzangu tulichimba kisima chetu uani. Mimi chini, yeye juu anavuta ndoo za udongo, anaimba kunikejeli nikichelewa kujaza. Tulifika pima nane kwenda chini, tukapata unyevu tu. Tuliacha. Baadaye kamati ilichimba nje ya ukuta, hatua ishirini tu kutoka pale, wakaenda chini zaidi, wakapata. Mwenzangu akafunika shimo letu kwa bamba la zege. Hakuruhusu litupwe humo hata ganda la yai. Nilimwambia, shimo limekufa hili. Akasema halijafa, limelala.

Siku ya tatu ya msiba choo kilijaa. Watu wamejaa uani, wanawake wanahangaika, aibu tupu. Shemeji yangu, mdogo wake mwenzangu, ni mwashi. Akaona bamba. Akaja nilipokaa, akaniinamia, akaniuliza jambo kuhusu bomba. Nilitikisa kichwa kukubali. Wiki ile nilikuwa natikisa kichwa kwa kila mtu — kula, lala, saini hapa. Saa mbili baadaye choo kilikuwa safi, bomba limekwenda kwenye kisima chetu, na watu walimsifu shemeji hadi akainamisha uso.

Hatua ishirini. Nimetoka sasa hivi kuzihesabu kwa upande wetu wa ukuta. Nimezihesabu mara mbili, kama vile zitaongezeka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda kazini kwa shemeji. Anajenga ghorofa la pili la mtu, nikamsubiri chini kwenye kokoto mpaka aliposhuka. Alifurahi kuniona, akapangusa ndoo akaigeuza nikalie. Nikamweleza yote, taratibu.

Kwanza alibisha. Udongo unachuja, akasema, kila mwashi anajua. Nikasema kwamba hata hivyo shimo lile halina udongo wa kutosha chini, tulikuwa tumekaribia maji. Kisha akaanza kupanga kwa sauti ya chini: Jumapili atakuja, atachomoa bomba, atamwaga saruji, hakuna atakayejua. Bata watakuwa wameshaondoka, maji yatapona, watu watasema waliona wenyewe.

Nikamuuliza, na kilichomo ndani? Na Baba Bata?

Hapo akakasirika. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya kuzika. "Shemeji, watu mia mbili walikuja kumlilia dada yangu. Leo ukawaambie kwamba waliunywa msiba wake?"

Vijana wa zege walikuwa wamesimama na matoroli yao, wanasikiliza. Akawageukia, akawauliza kama wamelipwa kutazama.

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima namfikiria yeye akiwa kijana wa miaka kumi na mbili, siku ya harusi yetu, amevaa viatu vikubwa alivyoazima. Nilimtilia karatasi ndani ili visimvuke. Alitembea kama askari siku nzima kwa sababu ya karatasi zile. Sina ndugu mwanamume. Ninaye yeye.

Binti hajui bado. Sote tunakwenda choo cha jirani, hivyohivyo kinavyofurika. Nimemwambia chetu kina hitilafu. Hilo si uongo.

Ijumaa, 18 Aprili

Baba Bata amekuja asubuhi. Kandambili zimekatika, nizitengeneze. Mkononi ana mayai manne kwenye kofia yake. Akasema ni ya mjukuu, arudishe nguvu. "Kama mnaogopa, yachemsheni mpaka yaombe msamaha."

Nikashona. Akakaa. Akaeleza kwamba amepata mnunuzi, kesho asubuhi anakuja na pikapu, anachukua wote. Kuhamia nao hana pa kuhamia. Yule jike mweupe anayechechemea alitaka abaki naye, lakini mwenyekiti kasema wote maana yake wote.

Nilidhani atalaumu watu. Laiti angelaumu! Alitazama mikono yangu inavyofanya kazi, akasema, "Labda ni wao kweli, fundi. Mimi si mtaalamu. Siku zote najiuliza, wale watoto wakilia, ni mimi?"

Nilimaliza kandambili ya pili. Alipotaka kutoa malipo nikamwambia aondoke tu, upesi, maana nilikuwa siuamini uso wangu.

Mwenzangu aliwahi kuniambia kwamba maji hayana pa kujificha, watu ndio wanapo. Nilidhani anasema kuhusu mtu aliyeiba ndoo.

Mchana nimefunga kazi, nimekwenda ofisi ya afya. Chumba kidogo, meza mbili, kalenda ya mwaka uliopita. Bibi afya alikuwa anakula mkate. Nikasimama, nikasema yote, tangu pima nane mpaka hatua ishirini. Nikasema pia kwamba juzi nilimdanganya.

Aliuliza, "Nani aliunganisha bomba?"

"Mimi niliruhusu."

Alinitazama kidogo, akaandika hivyohivyo. Mtoto ana utu.

Hakunisuta. Alinieleza tu kazi itakavyokwenda. Choo kifungwe kuanzia leo. Gari la kunyonya majitaka lije Jumanne. Kisima chetu kisafishwe, kitiwe chokaa, kishindiliwe udongo wa mfinyanzi mpaka juu. Kisha kisima cha mtaa kitiwe dawa na kupimwa tena na tena, labda mwezi, labda miwili. Lakini kwanza kesho atamimina rangi ya kijani chooni kwetu, tusukume pampu, tuone. Kwa sababu kamati imeshaamua ni bata, na ofisini kwake vilevile hawataki hadithi, wanataka kuona. Rangi inaweza kutokea baada ya saa chache, inaweza kuchukua siku tatu. Ardhi haina ratiba.

Jioni nimemwambia binti. Alikuwa anaosha vyombo kwa maji ya kununua, kidogokidogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasuuza sahani moja, akaiweka, akasuuza nyingine.

"Mama angekwenda Jumatano," akasema.

Ndiyo. Angekwenda hata bila kumaliza kushona ile buti.

Nilimtumia shemeji ujumbe kwenye simu: kesho saa mbili asubuhi, rangi. Ameusoma. Hajajibu.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandikia magotini, nimekaa kwenye tofali kando ya pampu. Mvua imepumzika.

Saa mbili bibi afya alifungua chupa, akamimina chooni kwetu. Kijani cha ajabu, kama majani yanayowaka. Ndoo tano za maji juu yake. Kisha tukaja huku, akafungua mnyororo, na mimi nikashika mpini. Anasema tukivuta sana maji ya pembeni yatakimbilia huku haraka zaidi. Kila ndoo anakinga kwenye glasi, anaiinua kwenye mwanga, anamwaga.

Watu walianza kukusanyika kwenye ndoo ya nne. Waliuliza, rangi ya nini? Nilikuwa nimejiandaa kusema mbele ya wote, kwa utaratibu. Nilipofungua mdomo, pikapu ikaingia.

Baba Bata alitoka na matenga ya kwanza mawili. Bata wanatoa shingo matunduni, wanashangaa. Nikauacha mpini, nikamfuata, nikamshika mkono. Nikamwambia asubiri. Akasema mnunuzi ana haraka. Nikamwambia tena, asubiri, choo changu kinaingia kisimani, tangu msiba, na mimi nimejua tangu Jumatano.

Alitua matenga chini. Nilidhani atanipiga kwa ile fimbo, na ningesimama. Akauliza swali moja tu: jana, wakati unashona, ulikuwa unajua?

Nikasema ndiyo.

Aliondoka, akaenda kuendelea kupakia. Tenga la tatu. La nne.

Waliokuwa karibu walisikia, na kilichosikiwa na watatu mtaani kwetu kimesikiwa na wote. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa nafuu. Mama wa watoto wawili waliolazwa alivaa ndala zake akaondoka. Mwenyekiti anasema hayo ni maneno tu, uamuzi ni uamuzi, mpaka rangi ionekane. Mnunuzi amewasha injini, ameizima, anauliza kama anachukua au hachukui.

Ndoo ya kumi na sita. Maji meupe.

Nasukuma na sijui ninaomba nini. Ikitokea kijani, nimemtia mwenzangu midomoni mwa watu, na shemeji yangu nimempoteza. Isipotokea, yule mzee anapanda kitandani leo bila bata hata mmoja. Ninachojua ni kwamba mikono haitaki kuacha.

Ndoo ya ishirini na moja. Mabega yameisha. Nimepumzika kidogo kuandika haya, binti ameshika mpini.

Shemeji amekuja. Amevaa nguo zake za kazi, saruji mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia. Amesimama kando ya zege, ameinama, amevua viatu, amevipanga. Amemwondoa binti taratibu, ameshika mpini yeye. Anasukuma kama mtu anayebomoa ukuta.

Bibi afya ameinua glasi. Ameimwaga.

Ndoo tatu hivyo. Halafu, bila kuacha kusukuma na bila kumtazama mtu, amesema kwa sauti iliyofika kwenye pikapu:

"Mzee, shusha bata wako. Bomba nililiweka mimi."

Baba Bata amesimama na tenga mikononi. Wala halipandishi, wala halishushi.

Ndoo ya ishirini na sita. Maji bado meupe.